Pampu fupi au ndefu? Kuchagua pampu ya maji na puli za injini ya gari la zamani

Swali la msomaji: "Gari langu ni Chevrolet Chevelle ya 1967. Injini yake ya 327 ilikufa, nikaweka 350 iliyotoka kwenye gari la miaka ya sabini. Injini hii imekuja na pampu ndefu ya maji, na puli zangu za zamani hazikai kwenye mstari mmoja. Tena gari linachemsha nikisimama kwenye foleni, ingawa likikimbia linapoa. Je, ninunue pampu inayosukuma maji mengi zaidi? Puli ndogo itasaidia? Kuna fundi ameniambia nitoe themostati kabisa."

Ndugu msomaji, hapa una matatizo mawili na umeyafunga kwa kamba moja. Puli kutokaa kwenye mstari ni suala la vipimo. Kuchemsha ukiwa umesimama ni suala la hewa. Yanakutana mahali pamoja tu, kwenye kitovu cha pampu, kwa sababu hapo ndipo feni ilipofungwa. Pampu ya bei kubwa haitamaliza la kwanza, na sitarajii imalize la pili.

Tuanze na vipimo, maana ukikosea hapo kila kitu kinachofuata kitakosewa. V8 ndogo za Chevrolet, ile familia iliyoanza mwaka 1955 na ambayo 327 na 350 (namba hizo ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo) zote ni watoto wake, zina pampu za urefu wa aina mbili kuu. Fupi ilitumika kwenye magari ya kawaida hadi 1968, na kuanzia 1969 yakaanza kutoka na ndefu. Corvette ilikuwa na ratiba yake, na pampu zake za miaka ya sabini zina kimo chao peke yao, kwa hiyo usinunue pampu kwa sababu tu muuzaji kasema "hii ni ya 350". Pima mwenyewe. Weka rula kwenye uso wa pampu unaolala juu ya bloku, pale gasketi inapokaa, halafu pima hadi uso wa kitovu ambapo puli inaegemea. Fupi ni inchi 5 na 5/8, yaani mm 143. Ndefu ni inchi 6 na 15/16, yaani mm 176. Tofauti ni mm 33, na hizo ndizo unazoziona mkanda wako ukipinda.

Habari njema ni kwamba matundu ya bolti kwenye bloku hayakubadilika. Pampu fupi inakaa kwenye 350 yako bila kutoboa wala kukata kitu, na kwa upande wa upoozaji urefu wa pampu haubadilishi lolote. Ni suala la wapi mkanda unapita.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza ni kurudi kwenye pampu fupi na kurudisha puli zote za 327: ya krenki, ya pampu na ya alteneta, pamoja na breketi zake. Ya pili ni kubaki na ndefu na kutafuta seti nzima ya pampu ndefu. Nasisitiza neno seti. Puli ya krenki ya pampu fupi na ile ya pampu ndefu zina kina tofauti, hata zikifanana ukiziangalia kwa mbele. Kwenye magari ya pampu fupi ya enzi yako alteneta inakaa kushoto, ukitazama kutoka kiti cha dereva kwenda mbele. Kwenye ndefu ilihamia kulia, na breketi zake zinashikwa kwenye matundu yaliyo mwisho wa silinda hedi. Hedi za kabla ya 1969 hazina matundu hayo. Wewe una hedi za miaka ya sabini, hivyo ungeweza kwenda njia yoyote. Mwenye hedi za zamani hana uchaguzi huo bila breketi maalumu.

Ningekuwa mimi ningerudi kwenye fupi. Unazo puli, unazo breketi, na muhimu zaidi, sehemu ya mbele ya gari lako ilipangwa kwa ajili ya pampu hiyo. Ndefu inaisogeza feni mm 33 kuelekea kwenye rejeta. Kama kati ya feni na pampu kulikuwa na spesa unaweza kuitoa na kurudisha nafasi. Kama haikuwepo, bapa za feni zitakaribia mno, na injini huyumba kwenda mbele unapofunga breki kwa nguvu. Acha angalau mm 25 kati ya bapa na rejeta.

Ukirudi kwenye fupi, angalia jambo moja ambalo wengi hulisahau. Mwaka 1969 Chevrolet hawakuhamisha alteneta peke yake. Alama ya taimingi, yaani ya wakati plagi inapowasha moto, iliyo kwenye dampa (gurudumu zito la mbele ya krenki) nayo ilihama. Ukichanganya dampa ya 350 na kibao cha alama cha 327, taa ya taimingi itakudanganya. Itafute pistoni ya kwanza kwenye kilele chake halisi, ukitumia kizuizi cha pistoni kwenye tundu la plagi, kisha chora alama yako upya. Hili si la pembeni: taimingi iliyochelewa hupeleka joto kwenye ekzosi na kwenye maji, na dalili yake ni hiyo hiyo unayolalamikia, gari kuchemsha likiwa limesimama. Kwenye injini iliyohamishwa angalia pia kama paipu ya vakyumu ya distributa imeunganishwa. Mara nyingi huachwa inaning'inia.

Kuna wanaotatua zile mm 33 kwa kurundika washa nyuma ya puli. Usifanye. Puli inatakiwa ikae bapa kwenye uso wa kitovu na ishikwe katikati na ncha ya shafti. Ikisimama juu ya washa, bolti nne ndogo zinabeba kazi ya kuiweka katikati, feni inaanza kuyumba, na beringi ya pampu inakufa kabla ya wakati. Kwa sababu hiyo hiyo pima kipenyo cha ncha ya shafti. Zipo za inchi 5/8 (karibu mm 16) na za inchi 3/4 (mm 19). Puli yenye tundu la 3/4 ikifungwa kwenye shafti ya 5/8 itaonekana imekaa vizuri hadi utakapowasha injini. Dawa ni pete ya kujaza nafasi, iliyochongwa ikae kwa kubana.

Mstari wa puli upimwe kwa kitu kilichonyooka kweli, chuma cha pembe au rula ndefu ya chuma, si kwa jicho. Kiegemeze kwenye mdomo wa puli ya krenki na uone kinavyokutana na ya pampu, ukikumbuka kwamba midomo ya puli mbili inaweza kuwa na unene tofauti. Cha kulinganisha ni mifereji. Kwa mkanda wa V, kosa la zaidi ya mm 1.5 litautafuna ubavu mmoja na kukuletea kelele. Tazama pia ndani ya mfereji. Mkanda wa V unashika kwa mbavu, na mgongo wake unatakiwa uwe karibu sawa na mdomo wa puli. Ukiona chini ya mfereji kunang'aa kama kijiko, mkanda unagusa chini na unateleza: ama mkanda ni mwembamba kuliko mfereji, ama mbavu za puli zimelika. Puli ya namna hiyo haina matengenezo, itupe.

Sasa ukubwa wa puli, ambalo ndilo swali lako la pili. Gawanya kipenyo cha puli ya krenki kwa kipenyo cha puli ya pampu. Jibu linakuambia pampu inazunguka mara ngapi krenki ikizunguka mara moja. Tuseme krenki ina mm 150 na pampu mm 165: unapata 0.91, na injini ikiunguruma kwa mizunguko 800 kwa dakika, pampu inakwenda 727. Badilisha ya pampu iwe mm 135: uwiano unakuwa 1.11, na pampu inakwenda 889. Kama puli zako ni za kuungaunga na hujui vipimo, chora chaki kwenye puli zote mbili, toa plagi, zungusha krenki kwa spana mara kumi kamili na uhesabu puli ya pampu imezunguka mara ngapi. Njia hii inashinda rula, kwa sababu inapima mahali mkanda unaposhika hasa badala ya ukingo wa nje.

Kwenye mfano huo umeongeza kasi kwa asilimia 22, na maji yanaongezeka kwa kiasi hicho hicho, kwa makadirio. Lakini nguvu ambayo pampu inaila kutoka kwenye injini hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, yaani karibu asilimia 83. Kwenye kasi ndogo huoni tofauti, maana kinacholiwa ni kidogo tangu mwanzo. Kwa mizunguko 5,500 pampu hiyo sasa inapita 6,100, na hapo kuna adui mwingine: nyuma ya mapezi ya impela, lile gurudumu linalosukuma maji ndani ya pampu, shinikizo linashuka hadi maji yanageuka mapovu. Mapovu hayapoozi, na yanapopasuka yanachimba chuma. Ukifungua pampu ukakuta nyumba yake ndani ina vishimo kama imeliwa na mchwa, ndiyo kazi ya mapovu hayo.

Ndiyo maana kiwandani walichagua kulingana na kazi. Magari yenye kiyoyozi mara nyingi yalipewa puli ndogo ya pampu ili maji na feni viende kasi zaidi gari likiwa limesimama. Injini za kukimbia zilipewa puli kubwa zenye mfereji wenye kina, pampu isizidishwe mwendo na mkanda usiruke. Gari la barabarani kama lako, lisilopita mizunguko 5,000 mara kwa mara, linafurahia uwiano kati ya 1.0 na 1.2. Upate kwa kubadilisha puli ya pampu, usiguse ya krenki. Ukikuza ya krenki umeharakisha na alteneta pia, na kama gari bado lina dainamo ya zamani yenye brashi na komyuteta, haitavumilia kasi hiyo kwa muda mrefu.

Utaona, basi, kwamba puli ndogo itakusaidia kidogo, na msaada wenyewe utatoka zaidi kwenye feni kuliko kwenye maji.

Na hapa ndipo kwenye kiini cha kuchemsha kwako. Kanuni ya mafundi wa zamani ni nyepesi na haijachakaa. Gari likichemsha likiwa limesimama na kupoa likikimbia, hewa ndiyo inayokosekana. Likichemsha kwenye mwendo au mlimani na kutulia likisimama, tafuta rejeta iliyoziba, paipu ya chini inayojibana, au hedi gasketi. Wewe uko kwenye kundi la kwanza. Kabla hujanunua pampu, tazama kava la feni, lile shraudi linalozunguka bapa. Lipo? Kama halipo, feni inazungusha hewa ile ile ya moto iliyo kwenye injini. Kama lipo, bapa ziwe nusu ndani na nusu nje ya ukingo wake. Kwa pampu ndefu feni yako imeingia ndani zaidi ya hapo, na hilo peke yake linapunguza hewa. Kama feni ina klachi, zima injini ikiwa ya moto kabisa, ondoa ufunguo, kisha isukume kwa mkono: inatakiwa ikukatalie. Ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa kama pia ya mtoto, klachi imekwisha.

Kuhusu themostati, huyo fundi anakusudia mema lakini usimfuate. Kuna imani mbili zinazopingana mitaani: moja inasema toa themostati maji yapite haraka, nyingine inasema ukitoa maji yatapita haraka mno hata yasipate muda wa kupoa. Ya pili ni hadithi. Maji yakienda haraka rejeta inatoa joto zaidi kwa jumla, si pungufu. Ila ni kweli kwamba injini nyingine huchemsha zaidi bila themostati, na sababu ni mbili. Kwanza, kizuizi hicho kinajenga shinikizo ndani ya bloku, na shinikizo ndilo linalozuia maji yasichemke kwenye sehemu za moto kabisa, pale vali ya ekzosi inapokalia. Pili, ziko injini ambazo themostati ikifunguka kuelekea rejeta inafunga njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Za mwanzo za Jaguar XK ni mfano, themostati yake ina mkono, yaani kola ya kuziba njia hiyo. Itoe hiyo, au weka ya kawaida isiyo na mkono, na maji mengi yatazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Kwa 350 yako weka ya nyuzi 82, itoboe tundu la mm 3 pembeni ili hewa itoke unapojaza, basi.

Jambo moja zaidi kabla ya kuliita joto ugonjwa: unasema linachemsha, je, linamwaga maji au mshale umepanda tu? Kifuniko cha psi 15 kinapandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi karibu nyuzi 121, na mchanganyiko wa nusu kulanti unakwenda juu zaidi. Nyuzi 98 kwenye foleni si maafa.

Sasa pampu yenyewe, maana utahitaji ile fupi. "Inasukuma maji mengi" ni maneno ya boksi. Kinacholeta tofauti ni impela na nafasi kati yake na nyumba. Impela ya kusubu yenye mapezi kamili, ikipita kama mm 1 kutoka ukutani, inasukuma maji vizuri kwenye kasi ndogo. Ile ya bati iliyopigwa, yenye nafasi ya mm 2 au 3, inayazungusha tu. Bamba lililofungwa nyuma ya mapezi husaidia dhidi ya mapovu. Idadi ya mapezi si kipimo. Kwa pampu iliyokarabatiwa, ifungue kifuniko cha nyuma kabla hujalipa: kama nyumba ina vishimo, rudisha. Shika kitovu kwa mkono mmoja na ujaribu kuizungusha impela kwa mwingine. Ikiteleza hata kidogo kwenye shafti, hiyo ni pampu itakayokuchemshia gari huku ikionekana nzima.

Ukiwa na feni nzito yenye klachi, chagua beringi kubwa, ya shafti ya 3/4. Chuma au alumini? Alumini ni karibu nusu ya uzito, lakini haisamehe maji ya bomba wala bolti zilizokazwa kwa hasira. Kama hutaki kubadilisha kulanti kila baada ya miaka miwili, chukua ya chuma.

Mtego mkubwa uko kwa wanaohamia mkanda mpana wa mbavu nyingi. Pale mara nyingi pampu inaendeshwa na mgongo wa mkanda, hivyo inazunguka kinyume, na inahitaji impela ya kinyume. Kwa nje pampu hizo mbili ni pacha. Ukikosea, maji hayarudi nyuma kama watu wanavyodhani. Pampu ya namna hii inasukuma upande ule ule hata ikigeuzwa, ila kwa kiasi kidogo sana. Gari litakuwa zima ukizunguka mtaani na litakufa ukipanda mlima. Feni inayofungwa kwenye pampu hiyo nayo lazima iwe ya kinyume.

Kwa wenye magari mengine wanaosoma jibu hili, mantiki ni ile ile, vipimo ni tofauti. Ford 289 na 302 za hadi 1969 zina mdomo wa paipu ya chini upande wa kulia. Kuanzia 1970 ulihamia kushoto, na puli ya krenki ikatoka bolti tatu hadi nne. Injini za A za Austin na Morris zina pampu zenye tundu la paipu fupi ya mkato na zisizo nalo. Linganisha na hedi yako. Anayefikiria pampu ya umeme kwenye gari la Uingereza lenye dainamo ya Lucas C40 akumbuke kwamba dainamo hiyo inatoa ampea 22 kwa yote, taa zikiwemo. Mwenye Volkswagen kobe apumzike, injini yake inapozwa kwa hewa na haina pampu ya maji.

Wakati wa kufunga, linganisha gasketi mpya na nyuso zote mbili, tundu kwa tundu. Bolti yoyote ambayo mwisho wake unaingia kwenye maji ipakwe dawa ya kuzuia uvujaji kwenye nyuzi zake. Kaza kwa zamu, pande mbili pamoja, hadi Nm 40. Lile tundu dogo chini ya shingo ya pampu usilizibe kamwe: linakuonyesha sili imeanza kuchoka, na ukiliziba maji yataingia kwenye beringi. Hakikisha paipu ya chini ina springi ndani, kwa kuwa iko upande wa kuvuta na bila springi hujibana kasi ikipanda. Mkanda ukaze hadi kidole gumba kiushushe mm 10 hadi 13 kwenye sehemu yake ndefu kabisa. Uliokazwa kama uzi wa zeze unaua beringi. Endesha nusu saa, acha ipoe, kaza tena, kwa sababu mkanda mpya hunyooka siku ya kwanza. Kisha rudia ile hesabu ya chaki, na uandike uwiano kwa rangi ndani ya boneti. Atakayekuja kununua mkanda baada yako atakushukuru.